Nani Aandike Habari za Queen?

Katika filamu ya mwaka 2018 kuhusu Queen, bendi ya roki ya Uingereza, mwimbaji Freddie Mercury anawaambia wenzake kuwa ana virusi vya Ukimwi muda mfupi kabla ya Live Aid, tamasha la kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia. Ni tukio linaloliza watu. Lakini Live Aid ilifanyika Wembley tarehe 13 Julai 1985, na mwenzi wake, Jim Hutton, alieleza kwamba Freddie alipata majibu ya vipimo mwaka 1987. Filamu inaonyesha pia bendi imesambaratika kwa sababu Freddie alikwenda kurekodi peke yake, ilhali mpiga dramu Roger Taylor alikuwa na albamu yake tangu 1981. Na Mei 1985 wote wanne walikuwa Japani wakimalizia ziara.

Kinachonisumbua ni kwamba Taylor na mpiga gitaa Brian May walishiriki kuitengeneza filamu hiyo. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Sisemi walikuwa na nia mbaya, na filamu si kitabu cha historia. Ila aliyebebeshwa lawama ya kuivunja bendi ndiye pekee asiyeweza kujibu.

Je, basi kazi hii aachiwe mtu wa nje? Nako kuna shida yake, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni May aliyesimulia jinsi sauti za wimbo wa "Bohemian Rhapsody" zilivyopangwa moja juu ya nyingine mwaka 1975, hadi utepe wa kurekodia ukachakaa na mwanga ukapenya. Hilo huwezi kulijua ukiwa mlangoni. Na waliokaa mlangoni kwa Freddie kwa kweli walikuwa wapiga picha wa magazeti ya udaku, waliomwinda nyumbani kwake London akiwa mgonjwa. Alitangaza ugonjwa wake tarehe 23 Novemba 1991, kesho yake akafariki. Mwandishi anayejenga kitabu kwa vipande vya magazeti yale anarithi ukatili wao pia.

Hata hivyo, yapo maswali ambayo mtu wa ndani hayaulizi kwa uzito. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, kituo cha starehe katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati wasanii wengi wakiisusia. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Wao walijitetea kwamba hawana siasa, wanampigia yeyote anayependa muziki wao. Utetezi huo uandikwe, na aliyekuwa upande wa pili aandikwe vilevile. Mwaka huohuo, Mazimbu, Morogoro, vijana wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, waliokimbia makwao walikuwa wakisoma katika shule waliyojengewa kwenye ardhi ya Tanzania, nchi ambayo mwimbaji huyu alizaliwa ndani ya mipaka yake ya leo. Filamu haikugusa Sun City kabisa.

Nasi wa huku hatuko huru na kuvutia ngozi. Freddie, kwa jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi; baba yake alikuwa mtunza fedha wa mahakama. Akasoma India, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Mwaka 2006 sherehe ya kumkumbuka ilipingwa Zanzibar kwa sababu ya maisha yake. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake Shangani. Mmoja anamkana, mwingine anamfanya kivutio cha watalii. Mimi namtaka yule mtoto mwenyewe, ambaye katika simulizi nyingi za Ulaya hupewa aya mbili tu.

Ningemwamini mwandishi atakayeanza na tarehe, kisha aweke ushahidi wa kila mmoja chini ya jina lake, hata pale wanapopingana, bila kuwapatanisha kwa nguvu. Kwa Queen si rahisi. Mwaka 1989 wao wenyewe waliamua nyimbo zote mpya zihesabiwe kuwa za wanne, wakamaliza ugomvi wa nani katunga nini. Kwa amani ya bendi ulikuwa uamuzi mwema, lakini ulifuta nyayo. Na mpiga besi John Deacon, aliyewatungia "Another One Bites the Dust", alistaafu mwaka 1997 na tangu hapo amekaa kimya. Nafasi yake kitabuni iachwe wazi, asije mtu akamsemea.