Nilivyoshangilia Goli la Brentford Juu ya Bati

Ijumaa ya tarehe 13 Agosti 2021, saa tano na nusu usiku, nilishangilia goli la Brentford. Nililishangilia peke yangu, juu ya bati, Kirumba, Mwanza, nikiwa nimevaa jezi ya Arsenal. Kiraka kipo mpaka leo, bati la tatu kutoka ukuta wa mbele. Anayebisha aje aone, kiingilio mia tano.

Chanzo ni tamaa ya asilimia nane.

Kibanda umiza chenyewe, banda letu la kutazamia mpira kwa kiingilio, kiko kwenye kimlima juu ya soko la samaki la Mwaloni: ukuta wa mbao, bati bila dari, mabenchi ya mbao juu ya matofali, na runinga moja kubwa ambayo mwenye kibanda, tunayemwita Mjomba, huifunika shuka kama maiti mpaka kila mtu alipe. Mimi ndiye fundi wake wa dishi. Jioni ile king'amuzi kilikuwa kinasoma ubora wa 62, na 62 inatosha kabisa. Picha ya king'amuzi si kama ya antena ya zamani, iliyokuwa inakupa chenga na vivuli kulingana na siku. Hii ikishavuka mstari wake inakaa safi, iwe 62 au 90. Ikishuka chini ya mstari ndipo inakatika vigae vigae, halafu giza. Asilimia za ziada ni akiba ya siku ya mvua, na Agosti Mwanza mvua ya nini? Hayo yote nilikuwa nayajua, tena nimewahubiria wateja mpaka wamechoka. Lakini ligi ilikuwa inafunguliwa, na mechi ya ufunguzi ilikuwa yetu Washika Bunduki, ugenini kwa timu iliyotoka kupanda daraja, ambayo mara ya mwisho kuonekana ligi ya juu Uingereza ilikuwa 1947. Nikaona ushindi wa namna hiyo hauwezi kutazamwa kwa 62.

Sasa dishi la Mwanza lina tabia zake. Setilaiti ya king'amuzi kile imekaa nyuzi 36 mashariki, juu ya ikweta. Sisi tuko karibu na nyuzi 33, na ikweta haiko mbali, kwa hiyo mtambo uko karibu utosini kwetu, kama nyuzi 85 kutoka usawa wa ardhi. Dishi la sentimita 90, lile ambalo mkono wa LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi, umetokea ukingoni kwa chini, hutazama juu zaidi kuliko uso wake unavyoonyesha, ndiyo maana halilali chali kabisa. Linakaa kama sinia la pilau unalomkabidhi mgeni anayetokea Musoma. Na sinia likikaa hivyo, korongo hana sababu ya kutua kwenye mti. Nawasema hawa wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wanaoshinda sokoni kungoja matumbo ya samaki kama wana risiti. Pale kwa Mjomba yupo mmoja wa kudumu. Ndege wa kilo sita na zaidi akisimama ukingoni kila mchana, nati zinaanza kufikiria maisha mengine.

Kurekebisha si kazi kubwa ukiwa na subira. Unachora kwanza alama ya kalamu ya wino pale dishi lilipo, ili ukipotea ujue njia ya kurudi nyumbani. Unalegeza nati robo mzunguko tu. Unasukuma kidogo, halafu unatoa mkono na kusubiri sekunde tatu, maana king'amuzi si kioo: kinahitaji muda kukamata mawimbi na kukwambia kimeona nini. Wengi hapa ndipo wanapoharibu, wanasukuma bila kusubiri, wanapita juu ya setilaiti mara tano bila kujua. Kwa dishi la sentimita 90, ukingo ukisogea milimita nane tu umeondoka nyuzi moja, na ukiondoka nyuzi moja karibu nusu ya mawimbi imekwenda. Milimita nane haifiki hata unene wa kidole chako cha mwisho. Ukishapata, unakaza nati ya kushoto kidogo, ya kulia kidogo, kwa zamu, kwa sababu ukikaza moja mpaka mwisho inalivuta dishi lote upande wake.

Nilifanya yote hayo saa kumi na mbili jioni, tena vizuri. Ubora ukapanda mpaka 70. Kilichobaki ni kukaza kwa sipana namba 13, na sipana namba 13 alikuwa nayo kijana wa bodaboda niliyemwazima asubuhi. Nikakaza kwa vidole. Nikasema nitamalizia wakati wa mapumziko.

Saa nne mpira ukaanza. Aubameyang na Lacazette hawakuwepo, tukaambiwa wanaumwa, mbele akasimamishwa kijana Balogun. Dakika ya 22 Sergi Canós akaupata mpira kushoto kwake, akaingia ndani kwa mguu wa kulia, beki wetu Chambers akamwachia nafasi ya kupita pikipiki yenye abiria wawili, shuti likapita nguzo ya karibu. Kipa hafungwi nguzo ya karibu. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa. Moja bila, na goli la kwanza kabisa la Brentford katika Ligi Kuu ya Uingereza tangu ianze kuitwa hivyo, nalo likapatikana kwetu. Sisi ni watu wa kufungulia wenzetu njia.

Mapumziko, badala ya kwenda kuitafuta sipana, nilibaki nimesimama juu ya benchi nikimweleza shabiki mmoja wa Manchester United kwa nini bado tunashinda. Dakika kumi na tano zote.

Kipindi cha pili Saka akaingia, tukaanza kushambulia, na hapo ndipo mtambo wa maangamizi ulipowaka. Mlingoti wa dishi ni bomba la inchi moja na nusu, nimelifunga kwenye ukuta wa mbao kwa vibanio viwili. Kila Arsenal ikikosa, watu walikuwa wanapiga ukuta kwa ngumi. Ukuta unatikisa bomba, bomba linatikisa dishi, dishi linalegeza nati za vidole. Arsenal ilikosa sana usiku ule. Mpaka kufika dakika ya 68 hivi uso wa Xhaka ukagawanyika vigae vinne, kimoja kikabaki juu kushoto kikiwa na jicho tu. Halafu giza, na maandishi ya kwamba hakuna mawimbi.

"Fundi!"

Watu sitini wakitaja kazi yako kwa pamoja, hutamani tena kuwa na kazi.

Nikapanda. Kutembea juu ya bati kuna kanuni moja: kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana chini yake kuna papi, mbao inayobeba bati. Kati ya mstari na mstari hakuna kitu, ni bati la geji 30 lililokula kutu na imani yako. Nikafuata misumari mpaka kwenye dishi, na kweli lilikuwa limeinamisha kichwa, nati moja imebaki, nyingine imeanguka gizani. Kule chini ziwani taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimetapakaa, maana mwezi ulikuwa mchanga, usiku mzuri wa dagaa. Wao wana taa na mimi sina hata tochi.

Bila nati ya pili njia ni moja: unalishika dishi kwa mikono na kuwa wewe ndiye nati. Nikamweka bwana mdogo mlangoni awe ananisomea ubora.

"Sifuri!"

Nikasukuma, nikahesabu tatu.

"Kumi na nane! Thelathini! Kaka, imeshuka!"

Nikarudisha.

"Hamsini na tano! Imeingia! Picha imeingia, usiguse!"

Usiguse maana yake nisilegeze. Nikaganda pale, magoti kwenye papi, mikono imekumbatia ukingo, shavu limegusa LNB. Sikuona mpira wala sikuweza kugeuka. Nilichokuwa nacho ni masikio tu. Zikapita kama dakika mbili. Kisha ndani ya kibanda kukawa kimya, kile kimya cha watu wanaovuta pumzi, halafu mtu mmoja akapiga kelele: "Imeingia!"

Hapa inabidi nijitetee kidogo. Kiswahili kinajitosheleza: picha imeingia, mpira umeingia, goli limeingia. Mtu akitamka vizuri hakuna tatizo. Lakini kelele ya saa tano na nusu usiku iliyopita kwenye bati haina kiambishi. Picha ilikuwa imeshaingia zamani, basi kilichoingia sasa ni kingine. Na papo hapo kibanda kizima kikalipuka: "Gooooo!" Mabenchi yakaanguka. Mtu alikuwa anapiga debe.

Nikapiga hesabu. Hapa Kirumba shabiki wa Brentford hayupo. Hata Mwanza nzima, toka Igoma mpaka Igombe, hayupo. Watu hawawezi kushangilia hivi timu ambayo jana walikuwa hawawezi kulitamka jina lake. Kwa hiyo tumesawazisha. Hesabu ilikuwa sahihi, nilisahau kitu kimoja tu: zaidi ya nusu ya watu waliolipa mia tano usiku ule walikuwa wa United, Chelsea na Liverpool, nao hawakulipa kuitazama Arsenal ikicheza. Walilipa kuitazama ikifungwa.

Nikaachia dishi, nikanyoosha mikono juu, nikaruka.

Nilitua katikati ya mstari na mstari.

Mguu wa kulia ukapita wote mpaka paja. Wa kushoto ukabaki nje, nikawa nimekaa juu ya paa kama mtu aliyepanda punda. Huko ndani, walichokiona ni hiki: picha imekatika ghafla, vumbi la kutu limeshuka, kisha hapo juu ya runinga umetokea mguu mmoja wenye soksi nyekundu ya Arsenal, unachezacheza. Na hapa ndipo aibu inapokolea, kwa sababu nilikuwa bado nashangilia. Mdomo haukuwa na habari za mguu. "Tumerudi! Tumerudi! Nani kafunga?"

Kimya. Halafu sauti ya yule shabiki wa United niliyemhutubia wakati wa mapumziko, taratibu, kwa heshima zote, ikinishukuru kwa Kisukuma:

"Nørgaard, fundi. Wabeja sana."

Kicheko kilichofuata nadhani wavuvi walikisikia.

Mjomba hakucheka. Alitoka na tochi, akanimulika, akamulika bati, akarudi kunimulika mimi. "Fundi," akasema, "shuka kwanza tuongee." Mtu wa Mwanza akikwambia shuka kwanza tuongee, mazungumzo yameshakwisha, kinachosubiriwa ni wewe kukubali bei.

Kuchomoa mguu ulioingia kwenye bati nako kuna namna yake, usije ukauvuta. Kingo za bati zimekunjika kuelekea chini, ukivuta juu zinakushika kama mtego wa panya. Mtu wa ndani lazima azikunje kwanza na koleo huku wewe umetulia. Alipatikana wa kuzikunja: kijana wa bodaboda, aliyekuwa amekuja kutazama mpira, na mfukoni mwake alikuwa na sipana yangu namba 13.

Goli lenyewe nililiona kesho yake kwenye simu ya mtu, na bora ningebaki bila kuliona. Dakika ya 73, mpira mrefu wa kurusha kwa mikono kutoka pembeni. Mpira wa kurusha hauna kuotea, sheria ndivyo inavyosema, ndiyo maana wajanja wanajaza watu puani kwa kipa bila wasiwasi. Kipa wetu Leno akazingirwa, mikono haina pa kupita. Dawa yake ni beki kwenda kuukuta mpira hewani kabla haujagusa chini. Yeyote, kwa kichwa, kwa kisogo, hata kwa sikio. Wetu wakaungoja. Ukadunda ndani ya boksi dogo, mita tano na nusu kutoka langoni, ukapanda, Nørgaard akaupiga kichwa kama anasalimia. Mpira wa mkono unadunda mbele ya goli lako huku mabeki wanautazama! Hata dagaa wakianikwa mchangani wanageuzwa mara mbili tatu. Wetu hawakugeuka hata mara moja.

Mbili bila. Na wale waliolipa wakadai chao, kwa sababu mwisho wa mpira hawakuuona. Mjomba akanikata malipo yangu ya jioni, pesa ya bati na ya mbao moja ya benchi, ingawa benchi walilivunja United.

Tarehe 22 Chelsea wakaja Emirates, uwanjani kwetu. Nati zote mbili nimezikaza kwa sipana, kushoto kidogo, kulia kidogo. Ubora 71 dakika zote tisini, picha haikutikisika. Mbili bila tena, tukaliona kila goli kwa usafi wa ajabu, na mashabiki wenzangu wa Arsenal wakaanza kunitazama vibaya.

Tarehe 28, Manchester City, mchana saa nane na nusu. Mapumziko tumeshafungwa tatu na Xhaka kapewa nyekundu. Wazee wawili wa Arsenal wakaniita nyuma ya kibanda, wakanishika bega, wakanipa shilingi elfu tano walizochanga. "Fundi, panda ukaangalie ile nati. Tunaona kama imekaza sana."

Nikapanda na sipana yangu, nikifuata misumari. Nikamkuta korongo ameshasimama ukingoni mwa dishi, mabawa kayakunja, ananitazama, na ndani watu wakaanza kupiga kelele kwamba picha imekatika. Nikaiweka elfu tano mfukoni, nikashuka polepole nisimshtue.