Ili Upate Intaneti, Lazima Uwe na Intaneti

Mimi sina ugomvi na maendeleo. Yaje, yakaribishwe, yapewe na kiti. Ugomvi wangu ni na maendeleo yanayokuja kompyuta ikiwa inafanya kazi vizuri, halafu Jumatatu saa mbili asubuhi, foleni ya watu wa kudurufu vitambulisho imeshafika kwa muuza mihogo, unakuta yameiacha haijui hata kama duniani kuna kitu kinaitwa intaneti.

Nina steshenari Mbagala. Tunadurufu, tunaprinti, tunapiga laminesheni, tunajaza fomu za mtandaoni. Hiyo kazi ya mwisho ndiyo inayolisha watoto, maana siku hizi hakuna jambo lisilokuwa na "ingia kwenye mfumo". Kazi unaomba kwenye mfumo. Mkopo wa chuo, kwenye mfumo. Sasa wewe mwenye duka ukikosa intaneti unabaki na nini? Unabaki na stepla.

Kompyuta yangu haiendeshwi na Windows kama za wengine, inaendeshwa na mfumo mwingine unaoitwa Linux. Sikuitafuta, nililetewa na mpwa wangu anayesoma Dodoma. Wateja wangu wana flashi zilizotembea steshenari zote za Temeke, kila moja imebeba vile virusi vya kugeuza mafolda kuwa shotikati. Kwenye Linux unavikuta vimelala mule ndani, vinaonekana kabisa kwa majina yao, na havina la kukufanya. Hapo sitaki kudhulumu mtu, raha niliipata. Tena ni ya bure, haikuulizi leseni, na kompyuta yangu ya mtumba ikaacha kuwaka kwa kubembelezwa.

Ila huyu mpwa alipokuja likizo, akatazama skrini akakunja uso. "Anko, toleo lako limezeeka, karibu litaacha kupewa viraka vya usalama. Tulipandishe."

Nikamwambia hapa dukani hata mwenye duka kazeeka, na hakuna aliyekuja kumpandisha toleo. Hakunisikia. Akabonyeza, bando langu la mwezi likaondoka usiku kucha, kulipokucha akapanda treni ya umeme akaenda zake chuo. Mimi nikafungua duka.

Kwanza ikanipokea picha mpya ya skrini, nzuri kweli, rangi zimetulia. Nikasema kumbe kijana anajua kazi. Macho yakapanda juu kulia, pale inapokaa alama ya Wi-Fi. Peupe. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta sentensi moja tu: hakuna adapta ya Wi-Fi, yaani ile kadi ya ndani inayonasa mtandao. Haikusema imekatika, wala haikusema nywila si sahihi. Imesema haijawahi kuona kitu kama hicho maishani. Ijumaa tulikuwa nacho wote!

Sasa ukitaka kujua Mbagala ina wataalamu wangapi wa mitandao, kosa intaneti mbele ya foleni. Mmoja akasema zima ruta uwashe. Ruta iko saluni kwa jirani, tunachangia malipo, na simu zote za saluni zinaimba TikTok wakati huohuo, kwa hiyo ruta haina hatia. Wakala wa miamala wa mlango wa pili akatoa hukumu kwamba "leo mtandao wote unasumbua", huku simu yake inaingiza meseji za miamala mfululizo. Kijana mmoja mwenye begi mgongoni akaninong'oneza, "Bro, piga window tu, elfu kumi na tano, dakika arobaini umemaliza." Mama watoto naye, nilipompigia, akauliza swali lake la kila tatizo: "Umelipia lakini?"

Ikabidi nimpigie Dodoma.

"Anko, tulia. Fungua terminali."

Terminali ni lile dirisha jeusi ambalo wateja wakiliona wanaanza kushika pochi zao vizuri. Akaniambia niandike sudo, neno la kuomba ruhusa ya mkubwa wa mashine, halafu amri, halafu niweke nywila. Nikaandika nywila. Hakuna kitu. Hakuna herufi, hakuna vinyota, hata mshale haujasogea. Nikapiga kibodi, nikaigeuza nikaikung'uta, zikatoka punje za karanga. Bado.

"Anko, inaandika. Ndivyo ilivyo, haionyeshi, ni usalama."

Usalama gani wa kumficha mtu vidole vyake mwenyewe? Nyuma yangu kuna watu wanaosoma hadi meseji za mke wangu begani, leo ndiyo tunaficha vinyota!

Tukaandika lspci, inayoorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta. Nikaisoma mstari kwa mstari, na kadi ya Wi-Fi ikatokea. Ipo! Inajulikana kwa jina, kampuni iliyoitengeneza, hadi namba ya muundo. Mashine ile ile iliyoniambia haijawahi kuiona ndiyo inanisomea wasifu wake. Nikauliza, sasa huu si uongo wa mchana? Mpwa akasema hapana, kadi inaonekana, ila haina draiva, yaani programu ya kuiendesha.

Akanieleza, na nitakueleza kama nilivyoelewa. Kiini cha Linux kinaitwa keneli. Draiva nyingi zimo humohumo ndani ya keneli, zinasafiri nayo, ukipandisha toleo zinapanda pamoja. Lakini kuna watengenezaji wa kadi ambao draiva zao wamezifungia, hawataki mtu azione ndani, na kadi yangu ni ya ukoo huo. Draiva yake inakaa nje, na kila ikija keneli mpya lazima ijengwe upya kwa vipimo vya keneli hiyo. Kuna programu inaitwa DKMS ambayo kazi yake ni kujenga hizo draiva yenyewe, bila kuamshwa. Ila ili ijenge, inahitaji mafaili fulani ya keneli hiyo mpya, yanaitwa heda. Na heda hazikuwekwa.

"Zinapatikana wapi hizo heda?"

"Unashusha tu kwenye intaneti, Anko."

Nikamwomba arudie. Akarudia, bila aibu, kwa sauti ya mtu anayeona jambo la kawaida. Funguo za stoo zimo ndani ya stoo, na mlango umefungwa vizuri sana kwa usalama wangu. Na maelekezo ya kufungua stoo nayo yako kwenye intaneti, picha hadi video, watu wa nchi mbalimbali wanaelezana hatua kwa hatua namna ya kurudisha intaneti, kwa kutumia intaneti.

Nikaanza kuitukana Linux. Mpwa akaitetea. Eti nisiichukulie poa, Linus Torvalds alipoitangaza mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, alisema ni ya kujifurahisha tu, haitakuwa kitu kikubwa, na leo kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinaitumia. Eti hadi ile helikopta ya Wamarekani, Ingenuity, iliyoruka kwenye sayari ya Mirihi Aprili 2021, ndani yake ni Linux.

Mirihi! Kule ambako hakuna hewa ya kuvuta, Linux ilikuwa inapata mawasiliano. Mbagala hapa, ukuta mmoja tu kutoka saluni, hakuna adapta.

"Basi jaribu kuwasha na keneli ya zamani," akasema. "Ikiwa inawaka, bonyeza Esc, itakuja menyu." Msomaji, hiyo menyu mimi nimeisikia tu. Ukichelewa kubonyeza, kompyuta inawaka kama kawaida na picha yake nzuri. Ukiwahi ukabonyeza kwa moyo mkunjufu, inapitiliza menyu na kukutupa kwenye giza lenye neno moja, grub, na alama ya kuuliza unataka nini. Nataka menyu! Haijui.

Waya je? Ruta iko saluni. Waya upite wapi, juu ya draya, katikati ya vichwa vya watu?

Hapo ndipo kijana akatoa kauli ya maana tangu azaliwe. Chukua simu yenye bando, ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wa USB, washa hotspoti ya USB. Kompyuta itaiona simu kuwa mtandao wa waya, na draiva ya hiyo imo ndani ya keneli tayari, haihitaji kujengwa.

Simu yangu tundu lake linachaji kwa kuegeshwa na kiberiti, kwa hiyo hiyo tuliiondoa kwenye mashindano mapema. Mbele ya foleni alikuwa amekaa mama mmoja, kaja kumjazia mwanawe fomu ya mkopo, simu yake mpya na kava la maua.

"Shikamoo mama. Naomba simu yako kidogo, tuifunge kwenye kompyuta, ndiyo itakayotuletea intaneti ya fomu yako."

"Marahaba. Haitaungua?"

"Haiungui."

"Na picha zangu?"

"Hatuzigusi, mama yangu."

Nikachomeka waya nilionunua kwa machinga pale Rangi Tatu. Simu ikaandika inachaji. Kile kitufe cha hotspoti ya USB kimefifia, hakibonyezeki. Tukachomoa, tukachomeka, tukageuza, inachaji. Simu ikazidi kunenepa na intaneti hakuna. Kijana wa kutengeneza simu upande wa pili wa barabara akaja, akaushika waya kwa vidole viwili kwa dharau. "Huu wa umeme tu, bro. Waya kamili wa USB wa kawaida ndani una nyuzi nne, mbili za umeme, mbili za data. Huu wamekuwekea mbili." Yaani nimeuziwa nusu waya, na machinga alinipigia hesabu ya mzima! Akaniazima wake. Kitufe kikaamka, mama akakibonyeza mwenyewe kwa kucha, na juu kulia ya skrini ikatokea alama ya mtandao wa waya.

Foleni ikashangilia. Mpwa kwenye simu akacheka, akasema, "Unajua Android nayo ndani yake ni keneli ya Linux?" Sikutaka kujua. Sikutaka kabisa kujua kwamba Linux ya mama huyu ina intaneti, na yangu inaomba lifti.

Nikafungua tovuti ya mkopo. Haifunguki.

"Andika ping 8.8.8.8." Nikaandika, ni kama kubisha hodi kwenye kompyuta ya mbali kwa kuitaja namba yake. Ikajibu, mistari inashuka, kila mstari na milisekunde zake. Intaneti ipo. Nikapingi jina la tovuti. Ikasema imeshindwa kwa muda kutafuta jina. Kwa muda! Muda gani? Watu wako kwenye foleni tangu asubuhi. Basi ndivyo ilivyokuwa: ukitaja namba inafika, ukitaja jina inakodoa macho. Kumbe kuna faili linaloiambia kompyuta iulize wapi majina ya tovuti, na faili hilo lenyewe ni kielekezi tu cha faili jingine, na lile toleo jipya lilikiacha kimeelekeza mahali pasipo na kitu. Dawa yake ni amri moja. Ndefu. Akaanza kunisomea.

"Sudo, nafasi, ln, nafasi, deshi sf, nafasi, mkwaju run mkwaju systemd mkwaju..."

"Mkwaju upi? Ipo miwili, mmoja umelala kulia, mmoja kushoto."

"Unaolala kulia, Anko. Mkwaju resolve mkwaju stub deshi resolv..."

"Resolve ina e au haina?"

"Ya kwanza ina e. Ya pili haina."

Nikaweka simu mezani nikaenda kunywa maji. Ni nani alikaa ofisini, mshahara unaingia, akaamua folda iwe na e na faili lililomo ndani lisiwe nayo? Mama wa simu ya maua ndiye aliyemalizia kuiandika, kidole kimoja kimoja, mpwa anamsomea, yeye anaitikia "eeh" kila herufi. Ikakubali mara moja. Tovuti zikafunguka. Tukashusha heda, DKMS ikaanza kujenga, maandishi yanapita kwa kasi watu wamesogea wote, hata wa mihogo kaacha karai. Ikakaa kimya. Halafu Wi-Fi ya saluni ikajitokeza kwenye orodha, na zile za majirani wote, na moja inayoitwa "Usiguse Lipia Yako".

Sasa wakati sisi tunashangilia, kompyuta ilikuwa imegundua kwamba ina intaneti, na kwa tabia yake njema ikaanza kushusha kimyakimya masasisho mengine yaliyokuwa yanasubiri. Kupitia simu ya mama. Meseji ikalia: bando lako limekwisha.

Mama akaisoma, akavua miwani. Fomu nikamjazia, nikaprinti, nikapiga na mhuri wa tabasamu.

"Fomu ni elfu tano, si ndiyo, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Bando langu lilikuwa la elfu tatu. Unanidai elfu mbili."

"Sawa mama, ila simu nayo imechaji hapa hadi imejaa. Kuchaji hapa kwangu ni mia tano."

"Na ile amri niliyokuandikia mimi, mwenye kuchapa kwa kidole kimoja, hapa kwako kuchapa ukurasa ni bei gani?"

Foleni nzima ikaniangalia, inasubiri bei.

"Elfu moja," nikasema.

"Haya. Basi chukua hiyo mia tano yako ya chaji, toa elfu moja yangu, halafu nidurufie na hiki kitambulisho. Mbele na nyuma."