Mkopo wa siku saba na bumu la mdogo wangu

Meseji ilimfikia mama Jumanne saa moja asubuhi, akiwa anachambua mchele. Namba ngeni. Ilisema mwanawe ni tapeli, na asipolipa siku hiyo picha yake itasambazwa kwa watu wote wanaomjua. Mama yangu hajawahi kuazima hata chumvi asirudishe. Alinipigia sauti ikitetemeka: "Mwanangu, mdogo wako kaiba nini?"

Hakuiba. Alikopa shilingi 75,000 kwenye simu.

Yuko mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, lilichelewa, mwenye nyumba anadai kodi ya geto, akapakua programu ya mikopo. Ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote ya kwenye simu yake, akakubali kama tunavyokubali wote bila kusoma. Aliomba laki moja, ikaingia 75,000, kwa sababu 25,000 walishaikata wakaiita ada ya huduma. Arudishe laki moja kamili baada ya siku saba. Siku ya saba ilipofika hana kitu, akakuta sehemu ya kuongeza muda: lipa 25,000, upewe wiki nyingine. Akalipa. Wiki iliyofuata akalipa tena. Alifanya hivyo mara tano. Tulipokaa mezani na karatasi, alikuwa ametoa 125,000 na deni lilikuwa laki moja vilevile.

Nilimuuliza riba ni asilimia ngapi. Akasema, "Ishirini na tano, dada. Hata mtaani wanatoza hivyo."

Hapo ndipo moyo uliponiuma, maana huyu ni kijana aliyefaulu hesabu. Riba tumeifundishwa tangu shule ya msingi: mtaji mara kiwango mara muda, gawanya kwa mia. Kila mtu anaikumbuka. Lakini kwenye maswali yale muda ulikuwa miaka. Juma ameweka fedha benki kwa miaka mitatu, tafuta riba. Sikumbuki swali hata moja lililosema siku saba. Kwa hiyo tumekua tukiitazama asilimia peke yake, na wanaotukopesha wanajua kabisa kwamba hatuutazami muda.

Tukaifanya upya. Kwanza, hakukopa laki moja. Alichopokea ni 75,000, na 25,000 juu ya 75,000 ni theluthi nzima, asilimia 33 na ushee. Pili, ni kwa wiki. Nikamwambia azidishe 25,000 kwa wiki 52. Akaandika 1,300,000, akanyamaza, akarudia kuzidisha pembeni ya karatasi kwa kalamu nyingine. Milioni moja na laki tatu kwa mwaka, kwa mkopo wa elfu sabini na tano, na laki moja bado inadaiwa. Kiwango cha juu ambacho Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa fedha ile aliyoipokea, hiyo ni shilingi 2,625 kwa mwezi mzima. Yeye alikuwa akitoa 25,000 kila wiki.

Hili ndilo ningependa kila mwanafunzi alijue kabla ya somo lolote la bajeti. Mtu akikutajia asilimia, muulize ya siku, ya wiki, ya mwezi au ya mwaka. Kisha uliza mkononi inaingia shilingi ngapi. Asipojibu yote mawili waziwazi, usichukue hela yake, hata kama umelala na njaa. Nenda kwa mwenzako wa chumba cha pili, nenda kwa shangazi, vumilia aibu. Aibu ya kuomba ni ndogo kuliko ya mama kusoma meseji ile.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Kwa hiyo kumtumia mama yangu vitisho kwa deni asilolijua si utaratibu wa kukusanya madeni, na pa kulalamika papo. Tumelalamika.

Najua watakaosema vijana wanalimaliza bumu kwenye mikeka ya kubeti na simu mpya. Wapo, sikatai. Lakini 10,000 ya kujikimu kwa siku, ikija kwa mkupuo wa siku sitini, ni laki sita mkononi mwa kijana ambaye nyumbani wanajua kabisa siku inayoingia. Mdogo wangu alituma 80,000 kijijini kwa matibabu ya babu kabla hajanunua hata daftari. Kanuni zile za asilimia hamsini kwa mahitaji na thelathini kwa starehe hazina mahali pa babu.

Na bumu lenyewe ni deni, jamani. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kila mwezi. Saini fomu ukijua hivyo.

Ile laki moja tuliimaliza kwa mchango wangu na wa kaka yetu. Kila mwezi atanirudishia 20,000, bila riba, na tumeandikiana. Mama bado hapokei namba asizozijua.

Juzi usiku mdogo wangu alinipigia. Mwenzake wa geto alikuwa ameshaingiza namba ya kitambulisho kwenye programu nyingine, amebakiza kukubali tu. Akaniuliza ile karatasi yetu ya hesabu niliiweka wapi, niipige picha nimtumie haraka. Nilikuwa nayo kwenye pochi.