Mafua ya ndege: mpiga simu asiwe yeye wa kupoteza kuku

Januari 2017 wavuvi wa ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, walikuta buabua, ndege wa majini, wamekufa kwenye Ziwa Victoria, tena si mmoja wawili. Wakatoa taarifa. Sampuli zikapimwa, na katikati ya mwezi huo serikali ya Uganda ikatangaza kwamba ni mafua ya ndege; baadaye ikajulikana kuwa ni aina ya H5N8. Huko Masaka kuku na bata wa kufugwa nao walikuwa wameshaambukizwa. Haikuchukua muda Kenya ikapiga marufuku kuku kutoka Uganda.

Mimi naishi Mwanza, na ziwa ni hilohilo. Buabua wale wenye mabawa meupe huzaliana Ulaya ya mashariki na Asia, baridi ikianza kule wanashuka kwetu kula wadudu na dagaa. Hakuna askari wa mpakani wa kuwazuia. Ninachokikumbuka zaidi katika kisa kile ni kwamba kengele ya kwanza ilipigwa na watu wenye nyavu mkononi.

Teknolojia ya kufuatilia ugonjwa huu imekwenda mbali. Wapo mabata mwitu wanaofungwa vifaa vya GPS mgongoni. Zipo maabara zinazosoma vinasaba vya kirusi na kukueleza ndugu zake wako nchi gani. Upo pia utaratibu unaozitaka nchi ziliarifu Shirika la Afya ya Wanyama Duniani ndani ya saa 24 ugonjwa ukithibitishwa. Yote mazuri. Lakini saa hizo huanza kuhesabiwa maabara ikishasema. Siku zote za nyuma, kuku wanadondoka na majirani wamenyamaza, hazina wa kuzihesabu.

Na wananyamaza kwa sababu. Kuku wa kienyeji akizubaa, mabawa yakalegea, akaanza kuharisha kijani, kila mtu ana jibu tayari: mdondo huo, au kideri kama wengine wanavyouita. Kwa macho tu huwezi kuutofautisha na mafua ya ndege. Hata daktari wa mifugo hawezi bila vipimo. Basi mama mwenye kuku anapiga hesabu ya haraka. Waliokwisha kufa wamekufa. Wanaosimama bado waondoke leo. Anamwita mchuuzi wa pikipiki. Mchuuzi ana tenga moja, ndani yake wanaingia kuku wa nyumba tano, wamebanana, vichwa vinachungulia kwenye matundu, kinyesi cha wa juu kinawadondokea wa chini. Jioni tenga linarudi kutoka sokoni bila kuoshwa, kesho linapakia wengine. Tunapenda kumlaumu ndege wa porini kwa sababu hana wa kumtetea, ila tenga hilo nalo linasafirisha ugonjwa vizuri sana.

Mama huyu akimpigia simu afisa mifugo wa kata, anategemea nini? Kumbukumbu aliyonayo ni ya Namanga, mwishoni mwa 2017, pale vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilipoteketezwa kwa moto, hofu ya mafua ya ndege ikitajwa kuwa sababu. Picha zilizunguka kwenye simu zetu wote. Sibishi kwamba ugonjwa ukithibitishwa kuku wa eneo lile lazima wauawe. Hakuna njia nyepesi. Nasema tu kwamba mfugaji ameshaona moto, na kiasi atakacholipwa hajawahi kukisikia.

Tembo akivunja shamba la mahindi, nchi hii ina kanuni ya kifuta jasho. Kiasi ni kidogo na hulipwa kwa kuchelewa, malalamiko tunayajua, lakini msingi umekubalika: mnyamapori ni mali ya umma, na hasara yake isibebwe na mtu mmoja. Buabua naye ni wa porini. Kwa nini kirusi alichokileta kiwe mzigo wa mwenye kuku kumi na wawili?

Najua nitajibiwa kwamba watu wataleta mizoga ya mdondo kudai fedha. Ndiyo maana anayekufa mwenyewe asilipiwe hata senti. Alipiwe yule mzima aliyeuawa kwa amri ya afisa. Hapo anayewahi kupiga simu, kuku wake wengi wakiwa bado hai, anapata zaidi, na anayesubiri anazidi kupoteza kila asubuhi. Bei ijulikane mapema, ibandikwe ofisi ya kata pamoja na namba ya simu ya afisa, na malipo yaje kwenye simu ya mwenye kuku wiki hiyohiyo. Kwa wavuvi wetu, wanaookota ndege waliokufa kwa mikono mitupu na wakati mwingine kuwatupia mbwa, mifuko ya plastiki na glavu pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, zingekuwa mwanzo mzuri.