Psyche: pumzi au roho?

Katika kitabu cha tano cha Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer kuhusu vita vya Troy, Sarpedon, shujaa wa upande wa Troy, anachomwa mkuki wa paja. Wenzake wanambeba na kumlaza chini ya mwaloni wa Zeus, na rafiki yake Pelagon anausukuma mti wa mkuki mpaka unatoka. Hapo Homer anasema psyche (neno lake la Kigiriki) ikamwacha, ukungu ukamfunika macho. Ukiishia hapo utasema kwisha habari yake. Kumbe mstari unaofuata anapumua tena, na pnoie ya Boreas, yaani mvumo wa upepo wa kaskazini, unampuliza na kumhuisha, yeye aliyekuwa ameihema thymos yake (moyo au hamasa, kwa tafsiri ya kawaida) karibu yote.

Mistari mitatu, na karibu ukoo mzima wa maneno ya pumzi umo ndani yake. Anayetaka kuisema kwa Kiswahili anakwama mapema: psyche iliyomwacha Sarpedon ni pumzi au ni roho? Kwetu aliyeishiwa pumzi hupepewa, aliyetokwa na roho hutafutiwa sanda.

Wanaosema ni pumzi hawakosi ushahidi. Katika kitabu cha 20 Hector wa Troy anamrushia mkuki Achilles, shujaa wa Wagiriki, na mungu wa kike Athena anaurudisha kwa kuupuliza kidogo tu. Kitenzi cha kupuliza hapo ni psycho, ndugu wa damu wa psyche. Achilles naye, katika kitabu cha tisa, anasema ng'ombe na kondoo hutekwa, farasi hupatikana, lakini psyche ya mtu hairudi tena ikishavuka ua wa meno. Ni kitu gani kinachovuka meno kila dakika ya uhai wetu, kama si pumzi? Anaximenes, mwanafalsafa wa Miletus katika karne ya sita kabla ya Kristo, alisema waziwazi kwamba psyche yetu ni hewa. Baadaye Plato alimpa Socrates maneno kwamba psyche imeitwa hivyo kwa kuwa huupa mwili uwezo wa kupumua na kuuburudisha. Kitenzi psycho kilibeba pia maana ya kupoza, na Aristotle aliyekuja baadaye alifundisha kwamba tunapumua ili kupoza joto la ndani. Hata thymos ina ndugu wa mbali: fumus ya Kilatini na dhuma ya Kisanskriti, na yote mawili ni moshi. Mwaka 1951 msomi R. B. Onians aliandika kitabu kinene akitetea kwamba thymos ni pumzi yenyewe, ule mvuke wenye joto ulioko kifuani.

Inavutia, na mimi nilikaa upande huo muda mrefu. Hata hivyo, Socrates yuleyule wa Plato hakukaa sana kwenye maelezo yake: papo hapo aliyaacha, akatafuta mengine aliyoyaona ya kisomi zaidi. Kwa hiyo ni shahidi wa kuwekewa alama ya kuuliza.

Kikwazo kikubwa zaidi tunacho nyumbani. Roho tumeipata kwa Kiarabu, ambako ruh ina undugu na rih, upepo. Nafsi nayo ina mzizi mmoja na nafas, ambayo ni pumzi. Sasa nani kati yetu akisema "nafsi inanisuta" huwa anafikiria hewa ikitoka puani? Au akisema fulani ana roho mbaya, huwa anauwaza upepo? Neno lina kwao lilikotoka na lina kazi linayofanya leo, na Mgiriki wa zama za Homer hakuwa na kamusi ya asili za maneno mfukoni.

Tena, katika Homer psyche haipumui. Mtu akivuta au kushusha pumzi, kazi hiyo hufanywa na vitenzi vingine, pneo na anapneo. Msomi Bruno Snell, katika kitabu chake cha mwaka 1946, alisisitiza kwamba mtu aliye hai haitumii psyche yake kwa lolote. Tunaisikia anapozimia, anapokufa, au anapoihatarisha vitani. Menelaus, mpiganaji wa Kigiriki, anapomchoma adui yake Hyperenor ubavuni, psyche inatoka mbio kwa njia ya jeraha, si kwa ua wa meno. Halafu kuna usiku ule wa kitabu cha 23, psyche ya Patroclus, rafiki yake aliyeuawa, inapomjia Achilles usingizini ikiwa na kimo chake, macho yake, sauti yake, hata nguo zake. Achilles ananyoosha mikono amkumbatie, nayo inazama ardhini kama moshi, ikilia kwa sauti nyembamba. Wa pumzi watalidaka neno moshi, na wana haki yao. Lakini pumzi isiyo na mapafu, inayovaa nguo na kumlaumu rafiki kwa kuchelewesha mazishi, mimi sijawahi kuisikia.

Kwenye kuhema kwenyewe hakuna ugomvi, ila kuna mtego. Neno la Homer ni asthma. Katika kitabu cha 15 Hector, aliyepigwa jiwe na Ajax, yuko chini uwandani ameshikwa na asthma kali, akili imempotea, anatapika damu. Mfasiri mvivu ataandika pumu. Hector hakuwa na pumu! Anatweta, basi. Mungu Apollo anapomfikia, kutweta na jasho vinaanza kukoma. Katika kitabu cha 10, Wagiriki Odysseus na Diomedes wanamkamata Dolon, mpelelezi wa Troy, usiku: wawili wanahema kwa mbio, na aliyekimbizwa meno yanamgongana kwa hofu, ngozi imempauka. Ugonjwa ulikuja baadaye, katika maandishi ya matabibu waliojumuishwa chini ya jina la Hippocrates, na tabibu Aretaeus wa Kapadokia akaeleza waziwazi: kuhema kwa taabu baada ya mbio au kazi huitwa asthma. Kiswahili kimepita njia hiyohiyo bila kusukumwa na mtu, maana pumu na kupumua ni ndugu.

Mahali pengine lugha yetu inampa mfasiri zawadi ya bure. Katika kitabu cha 11 mzee Nestor anamwambia Patroclus kwamba anapneusis ya vita ni kidogo. Neno ni kuvuta pumzi, maana ni nafuu ya mpiganaji aliyechoka. Sisi tuna pumzi, tuna kupumzika, tuna pumziko. Hakuna cha kuongeza.

Zawadi nyingine hatukupewa. Pneuma, ambayo Homer hana, baadaye ilibeba upepo, pumzi na roho kwa pamoja, na Yohana 3:8 inauchezea uwili wa upepo na roho. Biblia ya Kiswahili imelazimika kugawa: "Upepo huvuma upendako" mwanzoni, na "Roho" mwishoni. Sioni njia nyingine.

Kwa Sarpedon, nimehamia kwenye roho, ingawa wa pumzi wananivuta shati. Ile tofauti yangu ya kupepewa na sanda haikazi sana nikiisikiliza vizuri: aliyenusurika ajali husema "roho ilishanitoka", na hakuna anayeshangaa kumwona yu hai. Roho yetu, kama psyche yao, husikika zaidi inapotaka kuondoka. Pumzi naiwekea vitenzi vyake, na upepo wa Boreas naupa kazi ambayo kila mtu hapa anaijua:

"Roho ikamtoka, ukungu ukamjaa machoni. Kisha akavuta pumzi tena, na upepo wa kaskazini ukawa unampepea, ukimrudishia uhai yeye aliyekuwa ametweta moyo wake mpaka tone la mwisho."

Huo "moyo" ndio thymos, na bado unanikera. Moyo haututoki kwa kuhema.