Kaptura ya Baiskeli na Mama Mkwe

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akipenda kitu lazima ukoo mzima ukipende. Alipoanza kufuga kware, tulikula mayai ya kware mpaka paka akaanza kuyakataa. Sasa kahamia kwenye baiskeli. Na si hizi tunazozijua za kubebea mkaa. Yake ni ile wenyewe wanaiita graveli: usukani umepinda kwenda chini, tairi nene zenye upana wa milimita 40, haina keria, haina kengele, haina stendi. Ukifika mahali unailaza chini na unasimama pembeni kuilinda.

Nikamuuliza bei. Akashusha sauti: dola 2,000, na hiyo eti ni ya wanaoanza. Kwa hela hiyo hapa Arusha unanunua bodaboda mpya, inabaki ya leseni na mafuta, na yenyewe inapanda mlima bila kukutoa jasho.

"Usijali shem," akasema, "nitakuazima ile yangu ya zamani. Jumamosi tunatoka kikundi. Mwendo wa kupiga stori tu, na haachwi mtu."

Hiyo ya "haachwi mtu" nitairudia.

Nikaingizwa kwenye grupu la WhatsApp. Kofia ngumu lazima. Maji lita mbili. Tyubu ya akiba. Na mchango, maana hakuna kikundi Tanzania kisicho na mchango. Yaani nilipe ndipo nipite kwenye barabara ambayo mbuzi wanapita bure.

Halafu ikaja kaptura. Inabana kuanzia kiunoni mpaka juu ya magoti, na kwenye makalio imeshonewa kigodoro. Shemeji akanieleza kwa uso mkavu kabisa kwamba haivaliwi na chupi, mishono inachubua. Tena kuna mafuta maalumu ya kujipaka hukohuko kupunguza msuguano. Basi mimi, baba wa watu, niko bafuni saa kumi alfajiri najipaka mafuta, mke wangu kasimama mlangoni. "Unaenda wapi hivyo?" Nikamwambia naenda kuendesha baiskeli na kaka yako. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Tulipangiwa kukutana saa 12 asubuhi kwenye kituo cha mafuta Kisongo, kwa hiyo nikajua tutaondoka saa moja na nusu. Wapi! Saa 12 na dakika tano watu hao, wanatoka. Na nawajua baadhi yao. Ukiwaita kikao cha harusi saa kumi jioni, wanaingia wakati wenzao wanatafuta makoti.

Kabla ya kuondoka nikaona kituko kingine. Maisha yangu yote nimejua kwamba tairi inaongezwa upepo. Hawa wanapunguza! Kijana mmoja kainama na kipimo chake, anauachia upepo kidogo kidogo, tss, anapima, tss, anapima tena. Kumbe tairi ikiwa laini inashika ardhi vizuri na inameza mitikisiko. Na ndani hakuna tyubu, kuna maji meupe mazito. Ukichomwa na mbigili, yale maji yanakimbilia kwenye tundu na kuliziba lenyewe. Nikamkumbuka fundi wangu wa pancha pale mtaani, na beseni lake la maji na kipande chake cha msasa. Huyu mzee ana watoto shuleni.

Tukaanza kwenye lami, ile barabara kuu ya kwenda Makuyuni. Laini, asubuhi ina ubaridi wake, Mlima Meru uko nyuma yetu, nikaanza hata kuona raha. Mara kiongozi kanyoosha mkono wa kulia, kundi zima likaiacha lami na kuingia vumbini. Nikadhani mbele kuna ajali. Hakuna ajali. Ndiyo safari yenyewe.

Hapa ndipo naomba mwenye akili anisaidie. Nchi hii tumeililia lami tangu tunapata uhuru. Mgombea anayejielewa hawezi kushuka jukwaani bila kuitaja. Watu wamehama mtaa kwa sababu ya vumbi. Leo wasomi wenye kazi zao wanaamka usiku, wanalipa, wanaikimbia lami kama deni.

Nikamwambia shemeji. Yeye anapumua vizuri tu, anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine una ndizi. Akanifungulia darasa. Kwamba wenzetu Kenya, tangu 2021, wana mashindano kule Maasai Mara, siku nne, kilomita 650 za vumbi na mawe. Kwamba Marekani kuna mji unaitwa Emporia, jimbo la Kansas, ambako watu wanaendesha kilomita zaidi ya 320 kwa mkupuo, na mwaka 2023 mvua iliwanyeshea mpaka wakabeba baiskeli mabegani, miguu imezama kwenye tope. Kwamba tangu 2022 kuna hadi ubingwa wa dunia. Wa kwanza ulifanyika Veneto, Italia, na aliyeshinda ni Mbelgiji, Gianni Vermeersch.

Ubingwa wa dunia wa barabara mbovu! Mashangazi zangu wamebeba mizigo kwenye tope tangu sijazaliwa, na hakuna Mtaliano aliyewahi kuwavisha medali.

Sasa turudi kwenye "haachwi mtu". Ni kweli, hawakuachi. Ila utaratibu wake ni huu: wao wanapanda kilima, wanafika juu, wanashuka kwenye baiskeli, wanakunywa maji, wanapiga picha, wanajinyoosha misuli, wanajadili bei ya mafuta. Wewe unatokea huko chini umetoa ulimi. Ukifika tu, mguu mmoja chini, kiongozi anapiga makofi: "Haya, tumetimia, twendeni!" Yaani mwenye afya anapumzika robo saa, mgonjwa hapumziki kabisa. Na nyuma yako kawekwa kijana wa kukusindikiza, kazi yake kusema "pambana mzee" kila unapotaka kufa kwa amani.

Huyo kijana akanipa na kinywaji cha kurudisha nguvu, cha unga, anaagizia nje. Nikaonja. Chumvi na sukari. Ni ORS! Zahanati anapewa mtoto anayeharisha.

Vumbi kavu magari yakilipita kwa kasi yanalichonga, linakuwa na migongo midogo iliyopangana barabara nzima. Juu ya hiyo migongo kigodoro hakina msaada wowote. Nilikuwa nahesabu meno yangu kwa ulimi. Katikati ya mateso hayo nikasikia kengele nyuma. Ni mzee, kavaa kandambili za tairi, yuko juu ya Phoenix ya zamani, nyuma kafunga madumu manne ya maji, yale ya lita 20. Kilo 80 hizo, mzee mwenyewe hujamweka. Akanifikia, akapunguza mwendo kwa ustaarabu.

"Habari za safari? Mnaelekea wapi?"

"Hatuelekei mahali, mzee wangu. Tunazunguka, halafu tunarudi tulikotoka."

Akatafakari. "Mnalipwa?"

"Tunalipa."

Hakuniuliza tena. Aliniangalia kaptura, akasema "Mungu awatangulie," akakanyaga pedali akanipita. Kijana wangu wa kusindikiza akajitia anaangalia simu.

Na yote hayo ningeyasamehe, kama shemeji angeniambia mapema kwamba chai imeandaliwa kwao. Kwao maana yake ukweni kwangu.

Tunakata kona, naona geti, naona mwarobaini ninaoufahamu, na chini yake kasimama mama mkwe na chupa ya chai. Mimi nimevaa ile kaptura. Viatu nilivyoazimwa vina chuma chini kinachong'ata pedali, na ili kujinasua lazima uzungushe kisigino kwenda nje. Nilifundishwa, ila ukimwona mama mkwe katika hali ile, kisigino hukikumbuki. Baiskeli ikasimama. Mimi na yenyewe tukainama pole pole upande wa kushoto, mpaka chini, miguu bado imeng'ang'aniwa.

"Shikamoo mama," nikasema nikiwa ardhini.

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo mama."

"Watoto?"

"Wazima, wanakusalimia."

"Na kazi?"

Na kazi, jamani! Yule mama ana heshima zake, salamu hazikatishi. Nilimjibu moja moja, usukani uko kifuani, naye macho kayaelekeza mlimani Meru muda wote. Alipomaliza akamwita mjukuu: "Mleteeni mkwe shuka." Wenzangu, wale wasioacha mtu, kila mmoja alikuwa ameshika simu anapiga picha.

Chai niliinywa nimejifunga shuka jekundu mpaka kifuani. Nilirudi nalo hivyo hivyo Kisongo, cheni ikalila mara kwa mara. Pale kituo cha mafuta mashine ndogo ya shemeji ikasoma kilomita 68 na ushee. Akakataa kushuka. Akaanza kuzunguka pampu, raundi baada ya raundi, ili itimie 70 ndipo aipeleke Strava, ule mtandao wao wa kuonyeshana umbali walioendesha. Dada wa mafuta akamuuliza kama kapoteza kitu.

Juzi grupu zima limeingia msiba. Mtu kaleta habari kwamba kipande cha njia ile eti kitawekwa lami, watu wazima wanatuma vikatuni vya kulia. Shemeji anataka tuandike barua kwa mbunge, barabara iachwe ilivyo, na jina langu keshaliweka la tatu. Baba mkwe, baba yake mzazi, ameiomba hiyo lami kwa kila mgombea aliyewahi kupita pale. Mimi pale nyumbani bado nadaiwa ng'ombe wawili wa mahari, na shuka lenyewe sijalirudisha.