Chawa, Kunguni na Aibu ya Mama: Bermondsey Kati ya Vita Viwili

Katika miaka ya 1920 na 1930, wakazi wa Bermondsey, kusini mwa mto Thames jijini London, walizoea kuliona gari la halmashauri likisimama kando ya barabara jioni, waya ukavutwa hadi kwenye nguzo ya taa ya mtaani, na sinema ikaanza kuonyeshwa palepale nje. Wazee wetu wanaolikumbuka gari la sinema likiingia kijijini wataielewa furaha ya watoto wale. Tofauti ni kwamba filamu hizi zilitengenezwa na idara ya afya ya halmashauri yenyewe, Dkt. D. M. Connan akiwa miongoni mwa waliozitengeneza, nazo zilihusu kifua kikuu, usafi wa mwili, malezi ya watoto wachanga na maradhi yaliyokuwa yakiwaua.

Nimesoma habari za kazi hiyo kwa muda sasa, na kila ninavyozidi kusoma ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: juhudi za afya za enzi ile zilizaa matunda pale zilipomtazama mdudu kama suala la nyumba, maji na mshahara, na zilikwama kila zilipomnyooshea mama kidole.

Bermondsey ilikuwa mitaa ya makuli wa magati na ya wafanyakazi wa viwanda vya ngozi, biskuti na jemu. Familia nzima iliweza kuishi katika chumba kimoja au viwili, na bomba la maji likawa uani, la kugawana na majirani. Dkt. Alfred Salter na mkewe Ada waliamua kuishi humohumo, na mtoto wao wa pekee, Joyce, akalelewa miongoni mwa watoto wa mtaa. Mwaka 1910, akiwa na miaka minane, Joyce alikufa kwa homa ya skaleti, ugonjwa wa kuambukiza unaoleta vipele vyekundu. Wazazi wake hawakuhama. Mwaka 1922 Ada akawa meya wa Bermondsey, na mumewe akachaguliwa kuwa mbunge. Na nadhani si bahati tu kwamba halmashauri iliyoongozwa na watu wa namna hiyo ilibomoa vibanda, ikajenga nyumba zenye bustani na kupanda miti kwa maelfu, huku ikihesabu yote hayo kuwa kazi ya afya.

Kwingineko mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na suala la chawa linaonyesha hivyo vizuri. Sheria ya mwaka 1907 ilileta ukaguzi wa afya mashuleni nchini Uingereza, na ya mwaka 1908 ikazipa mamlaka za elimu uwezo wa kumtaka mzazi amsafishe mtoto wake ndani ya saa 24, la sivyo mtoto achukuliwe asafishwe na wengine. Muuguzi alipita msururu wa watoto, akafunua nywele nyuma ya masikio na kisogoni, akaandika, akaendelea na mwingine. Takwimu zilizokusanywa hivyo zilipungua mwaka hadi mwaka, na maofisa wakaridhika. Kisha, Septemba 1939, takriban watu milioni moja na nusu, wengi wao watoto, walihamishwa kutoka mijini kuepushwa na mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, na familia za vijijini zilizowapokea zikapiga kelele kuhusu chawa. Mtaalamu wa wadudu Kenneth Mellanby alipochunguza kumbukumbu za waliolazwa katika hospitali za maradhi ya kuambukiza za miji ya viwanda, aligundua kwamba karibu nusu ya wasichana walikuwa na chawa, kiwango kilicho mbali kabisa na kile kilichoripotiwa na shule.

Ukaguzi ulikuwa umehesabu nini, basi? Chawa mkubwa hukimbia mwanga, na mayai yake hugandishwa kwenye unywele karibu na ngozi, hivyo jicho la haraka huyapita. Isitoshe, wadogo ambao hawajafikia umri wa shule hawakukaguliwa na mtu, nao ndio waliolala kitanda kimoja na dada yao aliyesafishwa mchana.

Nilipokuwa shule ya msingi, kila Jumatatu tulinyoosha mikono mwalimu wa zamu akague kucha, kisha tukainamisha vichwa. Siku moja msichana wa darasa letu alitolewa mstarini akakatwa nywele kwa mkasi, mapande kwa mapande, sote tukitazama. Hakurudi shuleni kwa wiki mbili. Aliporudi alikuwa amefunga kitambaa, na hakuna aliyetaka kuketi naye. Nyumbani kwao walilala watoto watano kwenye godoro moja, jambo ambalo mkasi ule haukulifikia.

Kuhusu kunguni, baadhi ya halmashauri za Uingereza zilijifunza heshima zaidi. Sheria ya makazi ya mwaka 1930 ilipoanza kuondoa nyumba duni, ilidhihirika kwamba kunguni wangehamia kwenye nyumba mpya ndani ya vitanda, makabati na fremu za picha. Vyombo vikafungiwa katika magari maalumu na kufukizwa kwa gesi ya sianidi, na matandiko yakapitishwa kwenye mvuke. Zipo halmashauri zilizoamua vyombo vya kila familia inayohama vifukizwe, bila kuuliza nani anao na nani hana. Uamuzi huo naupenda sana, kwa sababu ulimwua mdudu bila kumtangaza jirani.

Ambapo nashindwa kusamehe ni kwenye dondakoo. Ugonjwa huu hujenga utando wa kijivu kooni hadi mtoto akakosa pumzi, na sumu yake hudhuru moyo. Mwaka 1923 mtafiti Mfaransa Gaston Ramon, karibu na Paris, alipata njia ya kuidhoofisha sumu hiyo ili itumike kama chanjo, na miji ya Kanada ikaitumia kwa bidii. Uingereza iliziachia halmashauri ziamue zenyewe. Bermondsey ilitengeneza filamu ya kuwahimiza wazazi mwaka 1937. Halmashauri nyingine nyingi zilisubiri, na kampeni ya taifa ikaja wakati vita vimekwisha kuanza. Mwaka 1940 nchi hiyo iliandikisha wagonjwa zaidi ya 61,000 na vifo 3,283. Mwaka 1957, baada ya chanjo kuenea, wagonjwa walikuwa 38 na vifo sita. Kwa miaka 17, tangu ugunduzi wa Ramon, kinga ya mtoto wa Kiingereza ilitegemea mtaa aliozaliwa, na wazazi waliozika watoto wao katika miaka hiyo hawakuwa wamekosa usafi wala mapenzi.